Mheshimiwa Akiwa Nyumbani

Nusu ya kichwa chake ilikuwa imekwisha kunyolewa na nusu ya pili ilikuwa ikingoja, pale kinyozi alipozima mashine na kuinamia simu yake iliyoegemezwa kwenye kioo. Ndani ya simu lori jekundu lilikuwa likipanda mlima, na katika pembe ya picha ilionekana mikono ya mwanamke juu ya usukani. Mzee hakuhitaji kuuona uso. Mikono ile ilikuwa imempakulia chakula asubuhi hiyo hiyo.

"Huyu mama ni balaa," kinyozi akasema. "Lori lenyewe ni la kompyuta, mchezo tu, lakini ukimsikiliza unajikuta unapangusa vumbi usoni."

Mzee akaguna, mguno wa mtu asiyejua wala kutaka kujua. Alikuwa mkalimani wa mahakama mstaafu. Maisha yake yote ya kazi alisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, akiyahamisha maneno ya watu kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kutia chumvi wala kupunguza, na hata nyumbani alizungumza kama mtu anayeandikwa. Mkewe aliendesha malori ya masafa marefu mpaka goti lilipokataa kukanyaga klachi. Siku alipokabidhi ufunguo wa gari, mkalimani alijua kwamba sasa, baada ya miaka ya kulala na nusu ya kitanda baridi, amepata mwenza wa kukaa naye barazani. Akasogeza kiti cha pili karibu na cha kwake.

Kiti kile kilikaliwa na paka. Binti yao alimletea mama yake kompyuta ya michezo, usukani na pedali za kukanyagia, ili asichoke na ustaafu, na haukupita muda chumba cha wageni kikageuka gereji. Kila alasiri mama alivaa kandambili, akaketi, akaondoka. Safari zake zilirushwa moja kwa moja mtandaoni, na watazamaji, wengi wao madereva wenzake wa zamani na watoto wa madereva, walimfuata wakimwandikia maneno pembeni mwa picha.

Kwa nje mkalimani hakupinga. Ila kompyuta ile ilivuma kama ina pumu, na yeye alasiri alipenda kusoma. Siku ya kuzaliwa ya mkewe akamwendea seremala, akaagiza mashine ijengewe nyumba yake: kabati la mbao ngumu, lililopigwa msasa likang'aa, lenye milango miwili inayokutana bila kuacha hata upenyo wa wembe. Mkewe alishukuru kwa mikono miwili. Tangu hapo mkalimani alipopita chumbani na kukuta mlango mmoja uko wazi, aliurudishia polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Sasa, akiwa amefungwa shuka la kinyozi shingoni, akasoma maneno yaliyokuwa yakipanda kwenye simu. Mmoja anayejiita Gia Kubwa aliandika kuwa leo picha haikwami hata chembe, je, Mheshimiwa katoka? Mkewe akacheka kicheko ambacho mumewe hakukisikia siku nyingi, akajibu kwamba ndiyo, kaenda kunyoa. Mwingine, Tairi Bovu, akaomba kinyozi popote alipo amshikilie huko huko.

Kinyozi akacheka mpaka akashika meza. Kisha, kwa wema, akamfafanulia mteja wake. Mama huyu ana mume, walimbatiza Mheshimiwa kwa kuwa eti alifanya kazi mahakamani. Mheshimiwa akiwa nyumbani matangazo yanakwamakwama, akitoka yanatiririka kama maji. Wengine wanasema ana mkosi, wengine wanasema anakanyaga waya makusudi.

Mkalimani akamwomba amalizie upande uliobaki.

Angeondoka akiwa amekasirika tu, na jambo lingeishia hapo, kama si mayai. Wakati mashine ikimtembelea kisogoni, mkewe alianza kuwasimulia watazamaji habari ya shehena aliyowahi kupewa: mayai ya kuku yaliyokaribia kuanguliwa, yakihamishwa kutoka kituo kimoja cha kutotolea kwenda kingine. Mvua ikabeba daraja. Akakaa ukingoni, jua likawaka juu ya turubai, siku zikapita, na asubuhi moja akasikia kitu nyuma ya lori. Hapo akafika mwisho wa barabara ya mchezo, akawaaga watu, akasema atamalizia kesho.

Mkalimani alitembea kwenda nyumbani akijiuliza ni kitu gani alichosikia. Jambo lililomchoma zaidi ni kwamba hakuwahi kuisikia hadithi ile. Miaka yote mkewe aliporudi, alimuuliza safari ilikuwaje, naye akajibu salama, na wote wawili waliridhika na jibu hilo.

Kesho yake alijifungia sebuleni na simu na visikilizio masikioni, ukuta mmoja tu ukimtenganisha na msimulizi. Kabla ya kuketi alikuwa amepita gerejini kusalimia na, kwa mazoea, akarudishia milango ya kabati. Hadithi ikaanza vizuri. Mama alishuka kwenye lori, akazunguka nyuma, akashika turubai.

"Nikafunua," sauti yake ikasema sikioni, "nikaona vi— vi— vi—"

Picha ikaganda. Lori likaruka mbele kama panzi, likaganda tena. Maneno pembeni yakafurika: Mheshimiwa karudi, Mheshimiwa yuko ndani, mtoeni. Mkalimani alibandua kisikilizio kimoja akatega sikio ukutani, lakini alichopata ni mngurumo wa injini na sauti ya mkewe akiomba radhi. Hadithi ilikuwa imekwisha. Na hakuweza kumuuliza nini alichokiona, maana ingembidi aseme alikuwa akisikiliza.

Jioni ile mkewe alikula kidogo. Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kawaida, kwamba Jumamosi kulipangwa msafara. Madereva wa zamani wa kampuni yao, waliotawanyika kila upande, wangeingia kwenye mchezo kila mtu na lori lake, waipite ile barabara ya milimani waliyoizoea, kwa ajili ya Tairi Bovu ambaye amevunjika nyonga na huenda asiketi tena nyuma ya usukani wa kweli. Yeye ndiye aliyechaguliwa kutangulia na kuirusha safari mtandaoni. Lakini leo wameanza kunong'ona kwamba picha yake ikiendelea hivi, bora atangulie Kijana Turbo.

"Ni nani huyo?" mkalimani akauliza.

"Hajawahi hata kubadilisha tairi la baiskeli," mkewe akasema, akaondoa sahani.

Mafundi wa kampuni ya mtandao walikwisha kuja, wakapima, wakasema njia ni nzuri. Fundi wa dukani, bila kuifungua mashine, alishauri inunuliwe nyingine. Mkalimani usiku ule aligeuka geuka kitandani. Asubuhi, mkewe alipotoka kwenda sokoni, akaingia gerejini na miwani yake, akafunga mlango nyuma yake, akajifungulia kesi. Alinuia kuthibitisha mbele ya dunia nzima kwamba hana hatia.

Alisoma maelezo ya ile programu ya kurushia matangazo kama alivyokuwa akisoma hati za mashtaka, neno kwa neno. Akawasha mchezo na matangazo ya majaribio yasiyoonwa na mtu, na kwenye ukingo wa chini wa skrini akakuta tarakimu ambazo mkewe hakuwahi kuzijali. Picha zilizopotea njiani kwenye mtandao: hakuna. Basi wale mafundi wa mtandao walisema kweli. Picha zilizorukwa kwa sababu hazikuwahi kusimbwa kwa wakati: nyingi, na mbele ya macho yake zikaongezeka.

Alikwama kwenye neno "kusimbwa" mpaka alipolielewa, na alipolielewa akavua miwani, akaifuta. Picha ya mchezo ni kubwa mno kusafirishwa ilivyo. Lazima kuwe na anayeiandika upya kwa ufupi, papo hapo, bila kumsimamisha msemaji. Huo ni ukalimani. Na hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kinachompata mkalimani anayezidiwa: kwanza anachelewa neno moja, halafu sentensi, halafu anaanza kuruka, akiomba Mungu asiulizwe. Katika mashine hii kazi hiyo alikuwa amebebeshwa kichakataji, ubongo wa mashine, yule yule anayeuendesha mchezo wenyewe, ilhali kadi ya michoro ilikuwa na sehemu yake maalumu iliyoundwa kwa kusimba tu, ikikaa bure. Ilikuwa sawa na hakimu kusikiliza kesi huku akiitafsiri mwenyewe, na mkalimani aliyeajiriwa yuko nje anasoma gazeti.

Akaihamishia kazi ile kwenye kadi, kwa mwenyewe. Akapunguza ukubwa wa picha inayotoka, kwa kuwa watazamaji wengi walitumia simu. Akauwekea mchezo kikomo cha picha kwa kila sekunde, ili kadi isijimalize kwenye mchezo ikakosa nguvu za kusimba. Kisha, kwa kuwa shahidi lazima ahojiwe, akavua viatu, akashika usukani ili ajaribu.

Hakuwahi kuendesha kitu chochote maishani. Lori lilitoka kwenye maegesho likiwa limemburuza mlinzi wa geti na geti lake. Lakini tarakimu zilitulia. Mkalimani akajisikia mwepesi, akaimba kidogo. Alikuwa katikati ya kona akiimba, ndipo picha ikaanza kusita, mara moja, mara mbili, na tarakimu nyingine, ya joto la mashine, ikawa imepanda hadi ikageuka nyekundu. Programu ilieleza bila kumung'unya: mashine ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Akainama akafungua milango ya kabati.

Joto lilimpiga usoni likaipasha miwani yake. Feni zilikuwa zikihangaika ndani ya giza, zimevaa vumbi kama manyoya ya paka. Akapapasa pembeni, na mkono wake ukakuta vipande viwili vya boksi vilivyokunjwa vizuri, vimefichwa nyuma ya mashine, kingo zake zimelegea kwa kutumika. Akakichukua kimoja, akakijaribu chini ya mlango. Kilienea sawasawa. Mlango ukasimama wazi.

Alikaa sakafuni na kile kipande mkononi. Kila alipotoka kwenda kutembea, mkewe aliufungua mlango akaukingia boksi. Kila alipomsikia kwenye ngazi, akaliondoa. Watazamaji hawakumsingizia hata neno moja.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Mkewe alisimama na kikapu chake, akamtazama mumewe sakafuni, kisha akatazama skrini.

"Lori langu linafanya nini mtaroni?"

Mkalimani akageuka. Lori lilikuwa limelala chali, magurudumu juu, wiperi zikifanya kazi. Akakinyanyua kile kipande cha boksi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mkewe aliweka kikapu chini. "Kabati lilikuwa zawadi," akasema. "Na ulikuwa unalifuta kila Ijumaa."

"Ulikuwa unangoja nitoke."

"Wewe nawe ulikuwa hutoki."

Kisha mkalimani, ambaye hakuwahi kumkatiza mtu wala kumuuliza shahidi swali la kwake mwenyewe, akauliza vile vifaranga alivifanyaje.

Mkewe akamkazia macho. "Nani alikwambia ni vifaranga?"

"Nilikisia. Uliishia kwenye vi."

Akaelewa. Aliketi kwenye kiti chake cha udereva na kucheka, safari hii mumewe akiwa mbele yake, mpaka akatafuta upindo wa khanga kufutia macho. Walizing'oa bawaba za milango pamoja, yeye akishika bisibisi na mume akishika mbao, na wakati wakiing'oa akamsimulia. Lori zima lililia. Alipofika, mpokeaji akakataa mzigo, maana hati zilisema mayai na yeye haoni yai. Akageuza gari. Kila kizuizi cha barabarani alichofikia aligawa vifaranga, kwa walinzi, kwa wauza matunda, kwa mama mmoja aliyeomba lifti tu. Alifika nyumbani na wawili.

"Yule kuku mweupe," mkalimani akasema taratibu. "Aliyekuwa ananidonoa makaratasi."

"Yeye na mwenzake."

"Ulisema umewapata njiani."

"Sikuwapata njiani?"

Akamuuliza mama wa lifti alikuwa nani. Akamuuliza daraja lilichukua muda gani kutengenezwa, na alilala wapi. Mpaka wakamaliza kupuliza vumbi, milango ya seremala imeegemezwa ukutani, alikuwa bado anauliza, na mkewe bado anajibu, na nyama iliyokuwa kikapuni ikaibiwa na paka.

Jumamosi alasiri malori yalijipanga nyuma ya lile jekundu, foleni ndefu hadi nje ya picha. Tairi Bovu aliandika kutoka kitandani kwamba amewekewa mito, anaona vizuri. Mkalimani alikuwa ameleta kiti kutoka barazani, ameketi bega kwa bega na mkewe, kazi yake ni kuchunga joto na tarakimu. Kompyuta ilivuma waziwazi, na yeye hakuisikia.

Mtu akaandika kwamba picha ni safi kama kioo, bila shaka Mheshimiwa yuko mbali sana leo. Mkewe akasogelea maikrofoni, akawatangazia kwamba Mheshimiwa yuko hapa hapa, leo ndiye utingo wake. Maneno yakafurika pembeni kwa kasi hata mkalimani, aliyezoea watu wanaosema kwa pupa, akashindwa kuyafuata. Akaiinamisha kofia yake kidogo, ingawa hakuna aliyemwona.

Mkewe akawasha injini. Akatazama vioo vya pembeni, kimoja, halafu kingine.

"Funga mlango," akasema.

Mkalimani akainuka kuelekea mlango wa chumba.

"Si huo. Wa gari."

Akarudi akaketi. Akautazama upande wake, palipokuwa na ukuta mtupu, kisha akamtazama mkewe, ambaye alikuwa haangalii kitu kingine ila barabara. Akanyoosha mkono, akashika alichokidhania kuwa ni kitasa, akavuta.

"Haujashika," mkewe akasema. "Huo hubamizwa."

Akaubamiza.