Laptopu ya Bweneata

Jumapili mchana simu iliita, nikaona jina la Mama Mkubwa Botika, moyo ukanilipuka paa! Si kwamba simpendi. Ni dada mkubwa wa mama yangu, na kusuka mkeka alinifundisha yeye. Lakini alikuwa hapa hapa Suva, ng'ambo ninakosomea, amemleta mumewe hospitali kwa ajili ya mguu ulioharibiwa na kisukari, na alisema kesho jioni angekuja kuniona chumbani kwangu.

"Anakuja kukuona wewe, au anakuja kuona vitu?" Bweneata aliniuliza.

Bweneata ndiye ninayeishi naye. Yeye anasomea uhasibu, mimi ualimu, na karo zetu wote zinatoka nyumbani, maana ufadhili wa serikali ulitupita pembeni. Chumba chetu kiko mtaa wa Raiwaqa, kina kitanda kimoja, kwa hiyo mmoja hulala juu na mwingine chini, kwa zamu. Tunakula mihogo ya mafungu ya jioni, ile ambayo imeshaanza michirizi ya bluu na mwenye nayo anataka kwenda nyumbani. Siku nzuri tunanunua roti moja, chapati ya viazi, tunaigawana, na Bweneata hajawahi kuikata katikati hata siku moja. Nauli ikiisha tunatembea, mvua ya Suva inatupiga, tunafika darasani tumelowa chapachapa. Dini zetu mbalimbali, ila kanisa lolote lenye chai baada ya ibada sisi ni waumini wake.

Katika ufukara wote huo, kitu cha maana nilikuwa nacho kimoja: laptopu. Niliuziwa na kijana aliyekuwa anamaliza chuo. Kitufe cha herufi k kilikuwa kimeng'oka, ukiitaka k unachokoa na ncha ya kalamu. Mtu anaitwa Akoia, anatoka Kiribati, hebu fikiria dhiki hiyo! Lakini ndani yake mlikuwa na utafiti wangu wa mwisho, kazi ya mwaka mzima, na tarehe ya kuukabidhi ilikuwa Ijumaa hiyo saa kumi jioni. Nisipoukabidhi ninarudia mwaka, na mwaka wa kurudia hakuna wa kuulipia. Ningepanda ndege kurudi nyumbani Tarawa bila cheti, nikauze samaki Betio na maneno yangu makubwa ya elimu. Utaniuliza kwa nini sikuuhifadhi mahali pengine. Flashi yangu ilikufa. Na kwenye mtandao wa chuo je? Kwa sababu mimi ni mjinga, asante.

Sasa, kwetu kuna bubuti. Ndugu akikuomba kitu kwa neno hilo, unatoa. Hakuna "nitafikiria", hakuna "njoo kesho". Anayekataa anabaki na kitu chake na aibu yake, na aibu hiyo wanairithi mpaka wanawe. Njia ya kuponea ni moja tu, kila mtu kwetu anaijua na hakuna anayeitaja: kitu kisiwe chako.

"Sema ni yangu," Bweneata akasema. "Mimi si ndugu yake. Hawezi kuniomba."

"Na akiuliza yangu iko wapi?"

"Huna. Kwani ukisema huna kitu nani atabisha? Jitazame!"

Tukacheka. Tukaifunika kwa kitambaa chake, tukaiweka upande wake wa chumba, juu ya vitabu vyake vya hesabu.

Mama Mkubwa aliingia Jumatatu na mvua mgongoni na mfuko mkononi. Alituletea samaki wakavu, na asali ya tembo la mnazi kwenye chupa ya soda. Jamani, tulikula kama watu waliotoka jela. Bweneata alilamba kifuniko cha chupa. Mama Mkubwa alitutazama tu, machozi yakamlengalenga.

"Mnakula nini huku, wanangu?"

"Tunakula vizuri, Mama Mkubwa," nilisema, mdomo umejaa.

"Naona."

Akatuambia habari za Baba Mkubwa Tooma: madaktari wanangoja siku mbili tatu, wasipoona nafuu watakata mguu. Akatuambia habari za Uriam, mwanawe wa mwisho, aliyeingia kidato cha sita, na siku hizi kule shuleni walimu hawataki kazi ya mkono, wanataka iliyochapwa. Hapo nilijua tunakokwenda. Akainua kidevu kuelekea kwenye kitambaa.

"Na ile pale ni mashine?"

Bweneata akajitia kumwongezea chai.

"Akoia, mwanangu, sina kitu cha kumpelekea mdogo wako. Baba yake anarudi bila mguu, nami nirudi mikono mitupu? Nakuomba ile mashine. Ni bubuti."

"Mama Mkubwa, haki ya nani ningekupa sasa hivi," nilisema, na sauti ilitoka laini mpaka nikajishangaa. "Lakini si yangu. Ni ya Bweneata."

Akanywa chai yake taratibu. Kisha akamgeukia Bweneata, akatabasamu.

"Na wewe, mwanangu, ni mtoto wa nani?"

Swali hilo kwetu si la kupitisha wakati, ni la kutafuta undugu. Bweneata angesema lolote, angesema aliokotwa ufukweni, lakini tumbo lilikuwa limeshiba samaki wa mtu na ulimi umelegea.

"Baba yangu ni wa Nonouti, mama."

"Nonouti! Kijiji gani?"

"Matang. Bibi yangu ni Nei Kaure."

"Kaure? Kaure yule wa kidole pungufu?"

"Ndiye huyo."

Mama Mkubwa akapiga makofi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ala! Kaure alilelewa na bibi yetu! Mama yake alipokufa aliletwa kwetu, akala sahani moja na mama yangu mpaka akaolewa! Njoo hapa, njoo nikubusu, wewe ni mtoto wetu!"

Akambusu. Mimi nikakaa pale nimeduwaa. Kumbe anayenipunja roti miaka miwili hii ni ndugu yangu! Na kabla sijamaliza kuduwaa, Mama Mkubwa alishalisema neno. Alimshika Bweneata mkono akamwambia nakuomba mashine, mwanangu, kwa ajili ya mdogo wako Uriam. Ni bubuti.

Bweneata akanitazama. Nilimtolea macho, nikamtikisia kichwa. Akainuka, akaifunua, akaichukua kwa mikono miwili, akainama, akampa.

Mama Mkubwa hakufika hata mwisho wa ngazi, mimi nikawa nimemrukia Bweneata.

"We mwehu! Umegawa kitu changu!"

"Ulitaka nisemeje?"

"Sema hapana!"

"Ungesema wewe! Wewe uliyeombwa kwanza, mbona hukusema? Uliponitupia mimi, nimeombwa mimi. Kwetu hatujawahi kukataa, Akoia. Sikuwa na la kufanya."

"Ungesema ni ya chuo!"

"Na wewe ungesema ni ya chuo!"

Hapo ugomvi ukaisha, kwa sababu lilikuwa wazo zuri sana na lilikuwa limechelewa. Nilikaa chini nikalia kwa kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Tungemkimbilia tukamwomba atoe tu kazi yangu humo ndani? Kazi yangu, kwenye mashine ambayo nimeapa haki ya nani si yangu? Nilishajifungia mlango mwenyewe.

Jumanne nilikwenda kwa mwalimu wangu, Dokta Nalini. Si mtu mbaya, ila ana haraka.

"Laptopu yako imeibwa?" aliniuliza.

"Hapana, Dokta. Imeombwa."

"Imeazimwa?"

"Imeombwa. Moja kwa moja."

"Nawe ukampa."

"Hapana. Rafiki yangu ndiye aliyempa."

Alivua miwani. "Akoia, kama imeibwa niletee karatasi ya polisi. Kama unaumwa niletee ya daktari. Hiyo ya kuombwa sina pa kuiandika. Ijumaa saa kumi."

Nikaenda kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kuanza upya. Foleni hadi nje. Ukipata kiti unapewa saa moja, halafu kuna mtu nyuma yako anaguna kwa hasira. Mahojiano yangu yote na walimu, majedwali yangu yote, yalikuwa humo ndani ya mashine ya Uriam. Niliandika kwa kukumbuka, nikawa natunga, nikajua natunga, nikafuta. Mpaka Jumatano jioni nilikuwa na kurasa nne, na mbili zilikuwa za shukrani. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikiwa nimeinamisha kichwa kwenye meza ile nilijisemea wazi: Akoia, umekwisha.

Alhamisi Bweneata alinivuta mkono. "Twende. Bubuti si ya wazee peke yao. Kamwombe."

"Nimwombe kitu nilichosema si changu?"

"Mwombe kama kitu cha ndugu yako. Si nimekuwa ndugu yako? Mimi nitakaa nyuma yako."

Tukatembea kwa miguu hadi nyumba wanayofikia watu wa wagonjwa, mvua inatumwagikia. Tulipofika kona ya mwisho nikasimama ghafla.

"Picha," nikasema.

"Picha gani?"

Ukiiwasha ile laptopu, kabla ya chochote, inakutolea picha: mimi na mama uwanja wa ndege wa Bonriki, siku niliyoondoka, shada la maua shingoni, na chini yake jina langu lote. Bweneata aliziba mdomo kwa kiganja.

"Pengine hajaiwasha," alisema.

"Tangu Jumatatu?"

"Akoia, tayari tumelowa. Twende."

Mama Mkubwa alikuwa barazani, amekaa mkekani, mbele yake beseni la nguo za hospitali. Laptopu ilikuwa pembeni yake, imefungwa vizuri ndani ya lavalava yake ya kujifunga kiunoni. Hakutabasamu, wala hakununa. Alisema mguu wa Baba Mkubwa umekatwa asubuhi hiyo, juu ya goti. Alisema bado hajazinduka sawasawa. Nikasema pole, na pole ile ilikuwa ndogo sana. Mtu mwenye haya angegeuka akaondoka zake. Lakini nilikuwa na siku moja.

"Mama Mkubwa," nilisema, na magoti yalikuwa yamefika chini kabla yangu. "Naomba ile mashine. Ni bubuti."

Hakuniuliza ya nini. Aliifungua lavalava, akaikunja, akaniwekea laptopu mikononi, kwa mikono yake miwili, kama inavyotakiwa. Nikaikumbatia kifuani. Nilisikia nafuu, nisiwadanganye, nilisikia nafuu mpaka nikataka kucheka.

"Mama yako," akasema, "kila muhula huja kwangu na neno hilo. Karo ya mwanangu, dada, ni bubuti. Safari ya kwanza nilimpa nguruwe wangu wote wawili. Mwaka jana nilikuwa nimeweka pesa za bati. Nikampa. Nyumba yangu inavuja mpaka leo, Uriam analala pembeni palipo pakavu. Sikumwambia mama yako hata siku moja kwamba pesa ni za jirani."

"Mama Mkubwa..."

"Sikutukani. Nakwambia tu."

"Nitakurudishia. Ijumaa nikishakabidhi kazi yangu, nakuletea mwenyewe. Si bado mtakuwa hapa na mgonjwa? Nitaileta."

"Usilete. Umeomba, nimetoa. Imekwisha."

"Basi niombe tena! Niombe kesho jioni, nitakupa mbele ya watu!"

Akatikisa kichwa polepole. "Sikuombi tena, Akoia. Si hiyo, wala kingine. Kaa na vitu vyako kwa amani."

Wanaotoka nchi nyingine wataona hilo ni jambo jema. Mimi miaka yote nimelalamika juu ya kuombwa: nimeombwa viatu, nimeombwa mwavuli, nimeombwa hadi mswaki mpya ndani ya karatasi yake. Lakini anayeombwa ni mtu wa nyumbani. Mgeni haombwi. Nililia pale mkekani mbele ya watu wa wagonjwa wengine, laptopu kifuani, nikimwambia niombe, Mama Mkubwa, nakusihi niombe kitu, niombe chochote, niombe nilale hapa nimwuguze Baba Mkubwa. Alinifuta uso kwa ncha ya lavalava, kwa upole, kama angemfuta mtoto wa mtu yeyote aliyeanguka njiani.

Kisha akajikusanya kuinuka, maana muda wa kumwona mgonjwa ulikuwa umefika. Akatazama zile nguo zilizokuwa hazijafuliwa.

"Bweneata, mwanangu," akasema, "nakuomba uniinulie hili beseni."

Bweneata alikuwa amesimama kule kwenye ngazi. Akaja, akanizunguka, akaliinua. Lilikuwa limegusa magoti yangu.