Hapana ya Albina

Mwalimu Hilaria alikuwa amefundisha wauguzi mjini Sumbawanga kwa muda mrefu kabla ya kupewa kazi ya kuwaandaa vijana wanne wa kwenda Zambia. Huko wangemsaidia daktari mgeni wa macho katika vijiji vya ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, kwa miezi miwili tu, kisha wangerudi. Ilikuwa Mei 1976. Kabla ya safari, daktari angepasua macho mjini kwa wiki moja, na kila mwanafunzi alitakiwa kumwandaa mgonjwa mmoja kutoka kijiji cha Mpui.

Hamis, mmoja wa wanne hao, mtoto wa mwenye duka la nguo, hakuona haja ya masomo ya maadili, ya namna ya kuzungumza na mgonjwa na kupata ridhaa yake.

"Mwalimu, wafundishe hawa wenzangu waliotoka Tabora. Mimi ni mwenyeji, Kifipa nakijua tangu utotoni."

"Mwenyeji wa nini, Hamis? Wa bei ya khanga?"

Darasa lilicheka. Bertilla, aliyekaa nyuma yake, akamgusa begani. "Basi, mwenyeji, nikatie doti moja."

Kule Mpui, Marselino, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amekwisha kuwapanga wagonjwa mstari nje ya zahanati. Hamis alimchagua Albina, mjane aliyefunikwa jicho la kushoto na mtoto wa jicho. La kulia nalo lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Alimuuliza kama anakubali kupasuliwa.

"Ndiyo, baba."

Jioni Hilaria aliwauliza wanafunzi wake, "Kuna aliyekataa?"

"Hakuna hata mmoja," alisema Hamis.

"Wote wanne?"

"Wote."

"Basi hamjauliza. Watu wazima wanaambiwa habari za kisu kwenye jicho, na hakuna hata mmoja anayeogopa? Kesho mtarudi. Mtu mmoja mmoja, nyumbani kwake, bila balozi. Mtu asiyeweza kukataa hajakubali. Sitamvusha Kasesya mwanafunzi asiyejua hilo."

"Na akikataa kweli, apofuke?"

"Akikataa kweli, utaniambia."

Asubuhi Hamis alimkuta Albina akipepeta ulezi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Mbona umerudi? Si nilikubali?"

Hamis alieleza yale ambayo jana hakuyaeleza: kwamba baada ya kupasuliwa asingeruhusiwa kuinama wala kubeba mzigo kwa majuma kadhaa.

"Na ulezi uliobaki shambani nivune nimesimama?"

"Ndiyo maana nauliza, mama. Jana ulikubali kwa nini?"

Albina aliuweka chini ungo.

"Mwaka juzi watu wa serikali walituambia tuhamie huku kijijini. Nikasema hapana. Wakang'oa paa la nyumba yangu, na mvua inanyesha. Marselino alikuwa nao. Juzi Marselino alikuja kuniita zahanati. Safari hii nimekubali mapema."

Hamis alikuwa amejiandaa kumjibu mtu anayeogopa kisu, au daktari, au uchawi. Kumwambia kwamba paa halingeguswa ilikuwa ni kumwahidi jambo lisilo mikononi mwake. Alikwenda kumwita Marselino, akamwomba aseme mwenyewe.

"Kijana, unaniaibisha mbele ya watu wangu," alisema Marselino, lakini alikuja. Alisimama penye mlango wa ua. "Sasa mama, nani ametaja paa? Hii ni hospitali tu."

"Na ile ilikuwa kuhama tu."

Marselino alitazama chini.

"Paa halitaguswa," alisema hatimaye. "Ukubali, ukatae, halitaguswa. Huyu ni shahidi."

Albina alimgeukia Hamis. "Sasa niulize tena, mwanangu."

Alimuuliza tena. Hakumficha kwamba daktari akishaondoka haijulikani lini atakuja mwingine, wala kwamba jicho la kulia lingeweza kufuata la kushoto. Alitaka sana akubali.

"Daktari akishaondoka, jicho likiharibika, nani atalitazama?"

"Mjini hakuna daktari wa macho."

"Hapana," alisema Albina. Kisha akalirudia neno hilo kwa sauti kubwa zaidi, akimtazama Marselino.

Jioni Hamis alimweleza mwalimu wake yote.

"Naomba nirudi kesho nimshawishi."

"Kuna jambo la kweli ambalo hujamwambia?"

Hamis alifikiri. "Hakuna."

"Basi usirudi."

"Hataona, Mwalimu."

"Najua," alisema Hilaria. "Jiandae kwa safari."

Mgonjwa wa Bertilla alikubali hata alipoulizwa kwa mara ya pili. Alipasuliwa na akaona. Albina alimaliza kuvuna ulezi wake. Hakuna daktari wa macho aliyefika Sumbawanga mwaka ule wala uliofuata.

Katika kijiji cha kwanza ng'ambo ya mpaka, wagonjwa walikuwa wamekwisha kupangwa mstari, wametulia, vitambulisho vya karatasi vimefungwa mikononi mwao. Daktari alifurahi, akaagiza vyombo vichemshwe. Bertilla alianza kuwasha moto. Hamis hakumsaidia. Alikwenda hadi kwa mzee wa kwanza mstarini, akachuchumaa mbele yake, akamwamkia, akamuuliza ni nani aliyewaita.