Kila Kilichomo Kitafutwa

Jamani, tangu lini fundi akatengeneza kitu asichokiona? Ndivyo alivyokuwa akijiuliza Ausi, fundi wa kompyuta wa Mapinga, amekaa barazani kwa Bi Hajra pale Bagamoyo, uso kaelekeza kwenye pazia la mlango. Nyuma ya pazia alikuwepo Kulthum, mjane wa rafiki yake Abdillah, siku ya thelathini na mbili ya eda. Ausi si maharimu wake, kwa hiyo ndani haingii. Na laptopu ya Abdillah, aliyoitwa kuitengeneza, haitoki, maana Bi Hajra, mama wa marehemu, alishakula kiapo kwamba kitu cha mwanawe hakivuki kizingiti mpaka ndugu wakae siku ya arobaini, wagawane mirathi.

"Ikitoka hata dakika tano watasema imeuzwa," alimwambia mara tu baada ya kuitikia shikamoo yake. "Nawajua wanangu wale. Wewe sema, yeye abonyeze, mimi nitapitisha."

Ikawa hivyo. Ausi anasema, Kulthum anabonyeza na kumsomea kilichoandikwa, na Bi Hajra anapokea flashi kwenye ukingo wa pazia.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Saa kumi kamili alasiri ile, kampuni moja ya Dar ilikuwa inafungua mtihani wa kazi ya kusikiliza sauti na kuziandika, kazi ya kufanyia nyumbani. Mtihani ni mara moja tu, tena kwenye kompyuta, simu hawaitaki. Kulthum akiipata kazi, anabaki hapa na bintiye Maram, mtoto wa miaka mitatu. Akiikosa, eda ikiisha kaka yake anakuja kumchukua yeye na mtoto, awapeleke Kiwangwa kwenye mananasi. Kaka mtu hakusema kwa ubaya, nani angewalisha? Bi Hajra habari hiyo alikuwa haizungumzi kabisa. Alikuwa akiuliza saa tu.

Na hiyo laptopu, hee! Ina miaka kumi na mitatu, ramu giga mbili, betri imekufa, Windows yake inachukua robo saa kuamka na ikiamka haitaki kusemeshwa. Alipopigiwa simu asubuhi, Ausi alicheka. "Hiyo tunaitoa Windows, tunaiwekea Linux nyepesi, shemeji, itakimbia yenyewe." Kompyuta yake mwenyewe ni ya mezani, haibebeki. Akatengeneza flashi tatu, kila moja na Linux yake, akazitia mfukoni, akapanda pikipiki. Diski ya akiba hakuchukua. Ya nini, na yeye ndiye Ausi?

Flashi ya kwanza ilikuwa na ile Linux ya kupendeza, yenye madirisha yanayong'aa. Alijua fika kuwa ni nzito kwa mashine ile. Lakini wateja wake wa Mapinga, hasa hao waliohamia viwanja vipya, wakiwekewa nyepesi huguna, wakasema mbona imekuwa kama ya ofisi ya kijiji. Ausi hapendi kugunwa. Na mbele ya mke wa Abdillah ndiyo kabisa.

"Inaonyesha nini, shemeji?"

"Duara linazunguka."

"Na sasa?"

"Linazunguka."

Tangu saa nane kasorobo mpaka saa nane na nusu, duara.

"Ausi," Bi Hajra akasema, "hilo duara nalo limefiwa?"

Akatoa flashi ya pili, yenye Linux iitwayo Lubuntu, nyepesi kweli. Ikawaka ndani ya dakika mbili, na Kulthum akacheka, cheko ambalo Ausi alikuwa hajalisikia tangu msiba. Lakini ilikuwa inaendeshwa kutoka kwenye flashi, kila kitu kimebanana mle mle kwenye giga mbili. Kulthum alipofungua ukurasa wa mazoezi ya mtihani, kivinjari kikafa. Akafungua tena, kikafa tena. Flashi ya tatu ilikuwa nyepesi kuliko zote, ila kivinjari chake cha zamani, na ukurasa ukakikataa katakata.

"Kwa hiyo?" Kulthum akauliza.

Njia ilibaki moja: ile ya pili ilazwe kwenye diski ya laptopu yenyewe, ipate pa kupumulia. Hapo mashine ingeweza. Lakini diski ilikuwa imejaa pomoni, maana Abdillah alikuwa mpiga video za harusi. Kuipanga upya bila kufuta ni kazi ya saa tatu. Kwenda Mapinga kufuata ile diski ya akiba na kurudi ni saa nzima na ushei, na saa ilikuwa tisa kasoro dakika tano.

"Shemeji, itabidi tufute. Humo mna nini mnachokitaka?"

Kulthum akasema, "Picha za Maram. Na video ya akika."

Ausi aliijua. Abdillah siku zote alikuwa nyuma ya kamera. Siku ya akika tu, mtoto alipochinjiwa mbuzi, ndipo alipompa mwenzake kamera, akambeba mtoto, akacheka, akasoma dua kwa sauti. Simu yake ilipotea siku ya ajali iliyomuua. Kwa hiyo Abdillah anayecheka na kusema alikuwa amebaki humo tu.

Ausi akachomoa flashi tupu kwenye ufunguo wa pikipiki, Bi Hajra akaipokea. Picha zikanakiliwa, alhamdulillahi. Video ikaanza kujivuta, diski yenyewe imechoka.

"Mwisho saa tisa na robo," Ausi akasema. "Asilimia ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akahesabu magari yaliyopita. "Sasa?"

"Kumi na nne."

Saa tisa na robo ilikuwa ishirini na moja. "Ikikatwa njiani haifunguki," Ausi akasema, na akatamani ardhi immeze.

"Ungeanza na ile ya pili," Kulthum akasema taratibu.

"Najua. Kosa langu. Nilitaka uone kitu kizuri."

Akamwelekeza hatua moja baada ya nyingine, lugha, saa, kibodi, mpaka Kulthum akaacha kusoma.

"Nisomee, shemeji."

"Inasema kila kilichomo kwenye diski kitafutwa. Niendelee?"

"Endelea."

Hakusikia kitufe kikilia. Akangoja. "Shemeji, tisa na dakika ishirini na tano."

"Siwezi." Alikuwa analia. "Siwezi, Ausi. Eda haijafika hata nusu. Watu watasema nimemfuta mume wangu. Na itakuwa kweli."

Ausi aliinuka, mkono ukafika kwenye pazia. Kidogo tu alifunue, aingie, abonyeze yeye, liwalo na liwe. Mkono ukaganda pale pale.

Ndani, kigoda kikakwaruza sakafu. "Nyanyuka," akasema Bi Hajra.

"Mama, wewe hujui..."

"Sijui nini? Nimemzaa, nimemzika. Ni hapa? Penye neno hili?"

"Hapo, mama."

"Bismillahi."

Kitufe kikalia mara moja.

Pazia likafunuliwa, Bi Hajra akatoka, akajishusha barazani kando ya Ausi. Akatazama barabara.

"Fundi. Nani kabonyeza?"

"Wewe, mama."

"Arobaini utakuwepo?"

"Inshallah."

"Ndugu zake wakiuliza, useme hivyo hivyo. Mke wake alikataa. Mama yake ndiye aliyefuta."

Saa kumi kasoro dakika nane Kulthum akaita kutoka ndani: imewaka. Akafungua ukurasa, kivinjari kikashika. Ausi akamnong'oneza Bi Hajra kwamba mtihani ni wa kusikiliza, anahitaji utulivu. Saa kumi kamili vitufe vikaanza kulia, polepole kwanza, kisha mbio mbio.

Bi Hajra akavuta pindo la khanga yake, akalitia mdomoni, akaliuma. Mabega yakaanza kumtetemeka, machozi yanashuka na sauti haitoki. Ausi akainamisha kichwa. Mle ndani mkaza mwanawe alikuwa anaandika, na Bi Hajra akalia hivyo hivyo saa nzima, bila mlio hata mmoja, mpaka mtihani ukaisha.