Samaki Asiye na Mwiba

Ecodu alisimama kizingitini, akaushika mnofu wa samaki kwa ncha za vidole na kuuelekeza kwenye jua, kama wabadilishaji fedha wa pale mpakani wanavyoikagua noti wanayoitilia shaka. Mwanga ukapenya ile nyama nyeupe. Akaona vijishipa vya damu vyembamba kama uzi, akaona mahali kisu kilipoparuza, lakini mwiba hakuuona. Akaugeuza upande wa pili. Hakuuona. Badala ya kutulia, moyo ukazidi kumwenda mbio, kwa kuwa mwiba alioujua angeuchomoa. Huu asioujua angeufanya nini?

Ndani, mkewe Ajambo alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, amewekewa mto upande wa kulia ili asiinamie huko. Alikuwa akimtazama mgongoni. Chakula cha mchana kilikuwa kimechelewa tena, na wote wawili walijua kwa nini.

Kiharusi kilikuwa kimemkuta Ajambo shambani akipalilia mihogo. Upande mmoja wa mwili ukalegea, ulimi ukafungwa, na katika maneno yote aliyopata kuyasema duniani akabakiwa na sauti moja tu, "aa," ambayo iliweza kuwa ndiyo au hapana, njaa au hasira, kutegemea alivyoivuta. Katika hospitali ya Masafu walimtunza mpaka akaweza kuketi. Lakini ipo asubuhi moja ya wodini ambayo Ecodu hakuweza kuitoa kichwani. Alimpa mkewe maji kwa kikombe, kama mtu yeyote angempa mgonjwa mwenye kiu, nayo maji yakapita njia isiyo yake. Uso wa Ajambo ukawa wa kijivu, macho yakamtoka, na mkono wake mzima ukamkamata mumewe shati na kulivuta mpaka vifungo vikakatika. Muuguzi aliyeitwa Felistus alikuja mbio akamwinamisha na kumpigapiga mgongoni hadi pumzi ikarudi.

Baadaye Felistus alimfundisha Ecodu namna ya kumlisha. Mgonjwa aketi wima. Kidevu kiiname anapomeza. Kijiko kiwe kidogo, na asilazwe mara tu akimaliza. Uji mzito unafaa, viazi vya kupondwa vinafaa, hata samaki laini anafaa.

"Ila mzee," alimalizia, "mwiba usiwepo. Hata mmoja."

Yale maneno mengine Ecodu aliyashika. Haya ya mwisho yalimshika yeye.

Waliporudi nyumbani hakumpa kitu ila uji. Uji wa asubuhi, uji wa mchana, uji wa jioni. Ajambo alikuwa Msamia wa Majanji, aliyekulia kando ya ziwa; ingawa aliolewa bara, kwa Wateso wa ng'ombe na mtama, hakuna wiki iliyopita bila samaki katika chungu chake. Akaanza kufumba mdomo kila alipokiona kikombe. Mifupa ya shingo ikachomoza. Nguo zikawa zinamning'inia kama zimeanikwa.

Binti yao Atai, aliyeolewa upande wa Kenya, alipiga simu.

"Baba, mama hakuzaliwa kuishi kwa uji. Mpe samaki."

"Na mwiba?"

"Si uutoe?"

Kwa Atai lilikuwa jambo la kusemwa na kwisha.

Ndipo Ecodu alipoanza kwenda soko la Busia. Alipita kando ya msururu wa malori yanayosubiri forodha mpaka penye meza ya Florence, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiwapaa na kuwatumbua samaki chini ya turubai la buluu, magamba yamemganda mikononi hadi viwikoni. Vifaa vyake havikuwa vingi. Alikuwa na kibao cha mti kilichopigiliwa vizibo vya soda, cha kuparia magamba. Kisu kimoja chembamba, kilicholiwa na jiwe la kunolea mpaka kikabaki nusu ya upana wake. Beseni la maji, na chumvi kidogo ya kushikia mkia usiteleze. Siku ya kwanza Ecodu alikuwa amekuja na kisu chake mwenyewe, kile alichochinjia mafahali katika harusi na matanga kwa miaka mingi.

"Mzee, hicho ni cha ng'ombe," Florence alimwambia bila kucheka. "Samaki ukimwendea kwa nguvu, anakuachia mifupa ndani ya nyama."

"Basi nifundishe, mama."

"Mke wako yuko wapi?"

"Ndiye mlaji."

Florence alimtazama kidogo, kisha akasogeza kigoda kwa mguu ili aketi. Tangu siku hiyo alimkatia na kumweleza kila hatua. Paa kutoka mkiani kwenda kichwani. Pasua tumbo juujuu, usiguse nyongo, la sivyo samaki mzima atakuwa mchungu. Kata nyuma ya shavu hadi ufike kwenye uti wa mgongo, kisha laza kisu na ukifuate kile kisu, usikisukume; kikigusa mbavu utakisikia kinalia. Ecodu aliitikia yote, lakini kila Florence alipomnyoshea mpini, alirudisha mikono mapajani.

"Kata wewe," alikuwa akisema. "Mimi naona."

Na hata minofu ya Florence hakuiamini. Ndiyo sababu siku ile alisimama mlangoni akiipima kwa jua, na aliposhindwa kupata alichokitafuta, aliichemsha, akaitwanga kwenye kinu, kisha akaichuja kwa chujio la chai. Kilichotoka kilikuwa rojo la kijivu lisilo na harufu ya ziwa wala ya chochote. Ajambo alipokea kijiko cha kwanza, akakaa nacho mdomoni, halafu akakiacha kimtiririke kidevuni huku akimtazama mumewe usoni. Ecodu alimfuta kwa kitambaa. Usiku huo, na usiku uliofuata, alilala akisikiliza pumzi za mkewe, akijiuliza ni kipi kingemuua kwanza, mwiba au njaa.

Siku ya soko iliyofuata meza ya Florence ilikuwa tupu, turubai limekunjwa. Jirani yake alisema amekwenda kuzika upande wa Sio Port. Walikuwapo wapaaji wengine, wepesi wa mikono na wa maneno, wakimwita mzee, mzee, njoo hapa. Ecodu alivitazama visu vyao vilivyokuwa vikiruka, akaona miiba katika kila pigo. Mwishowe alinunua ngege wawili wenye macho angavu na mashavu mekundu, akaomba wafungwe jinsi walivyo, na akapanda bodaboda kurudi nyumbani huku samaki wakimgusa goti kwa baridi yao.

Aliketi barazani, mbele ya kiti cha mkewe, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine penye mwanga wa kutosha. Kuyatoa magamba hakukumshinda. Aliyaparua kwa mgongo wa kijiko, nayo yakaruka na kunata kwenye kuta na kwenye nywele za Ajambo. Kisha akachukua kisu cha jikoni alichokuwa amekinoa alfajiri, akakiingiza tumboni.

"Aa!"

Ecodu aliganda. Ajambo alikuwa ameinama mbele, mto umemteleza, mkono wa kushoto uko hewani. Alipochungulia, Ecodu aliona kibofu cha nyongo, kijani, kimevimba, kikiwa karibu kabisa na ncha ya kisu. Akakivuta kisu nje polepole. Akaingiza vidole, akatoa matumbo yote kwa pamoja, na nyongo ikaja nayo nzima.

"Nimeona," alisema. "Nimeona, Mama Atai."

Akakata nyuma ya shavu. Akageuza kisu. Lakini mkono uliozoea shingo za mafahali ulikandamiza wenyewe, na kisu kikazama kwenye mbavu kikakwama. Ajambo akapiga mkono wa kiti. Akapiga tena. Halafu akanyosha ule mkono wake mzima, akamshika mumewe kifundo cha mkono na kukilaza chini, hadi bapa la kisu likakaribia kulala juu ya mfupa. Vidole vyake vilikuwa vyembamba kupita alivyovikumbuka Ecodu, na vilikuwa na nguvu kuliko alivyotarajia. Hakumwachia. Wakaenda pamoja kuelekea mkiani, na ghafla Ecodu akausikia ule mlio, tik, tik, tik, kisu kikipita juu ya mbavu moja baada ya nyingine.

Mnofu ukafunguka ukabaki mkononi mwake. Akainuka kuupeleka kwenye jua kama desturi yake.

"Aa," Ajambo alisema, na sasa ilikuwa amri.

Ecodu akamwekea mnofu kwenye sahani mapajani. Ajambo hakuutazama hata kidogo. Aliinua uso akayaacha macho yaende barabarani, na kidole chake cha shahada kikatembea juu ya nyama taratibu, kikirudi nyuma, kikienda mbele. Karibu na katikati kikasimama. Kikabonyeza. Ecodu akapeleka chake mahali hapohapo na hakuhisi kitu. Ajambo akakishika kidole cha mumewe, akakisogeza kidogo sana, akakibonyeza chini. Hapo Ecodu akaihisi ile ncha, ngumu, ndogo kama unywele ulionyolewa.

Aliuchomoa kwa kucha. Ulikuwa mwiba mwembamba unaopinda, mrefu kuliko alivyodhani. Aliutazama kiganjani na hofu ikamrudia yote kwa mpigo, hofu ya huu na ya mingine yote ambayo huenda alikwisha kuipitisha karibu na koo la mkewe huku akijiona mwangalifu. Akaketi. Kidole cha Ajambo kilikuwa tayari kimeendelea na safari yake.

Ecodu alimpika samaki kwa nyanya na kitunguu, kwa moto mdogo. Hakutwanga, hakuchuja. Alikuwa amekwisha lichukua lile chujio, kisha akalirudisha mahali pake. Alimchambua samaki kwa uma, akamketisha mkewe wima, akamwinamisha kidevu, akapeleka kijiko. Ajambo alikisukuma pembeni. Akakichukua mwenyewe kwa kushoto, kikatetemeka, nusu ikamwagika, nusu ikafika.

Alitafuna kwa muda mrefu. Akameza. Kisha akakohoa.

Ecodu aliruka akaangusha kigoda. Alimshika bega na kumwinamisha, akaanza kumpigapiga mgongoni, midomo yake ikisema maneno asiyoyasikia mwenyewe. Ajambo akakohoa tena, kikohozi kizito, chenye sauti. Halafu kikakoma. Ajambo aliinua uso, macho yamejaa machozi, rangi yake ni ileile. Pumzi ilikuwa ikiingia na kutoka. Akaunyosha mkono kukitafuta kijiko.

"Hapana," Ecodu alisema. "Mama Atai, tupumzike. Nitakukorogea uji."

Ajambo alimtazama tu, kama alivyokuwa akimtazama zamani alipokuwa na maneno ya kutosha na kuamua kutoyatumia. Kijiko kilikuwa mkononi mwa Ecodu; hakujua alikuwa amekinyakua lini. Akakaa nacho. Lori likapita barabarani, vumbi lake likapanda na kutua. Hatimaye akakirudisha kwenye sahani, mpini umeelekea upande wa kushoto.

Ajambo alikula. Alikohoa mara nyingine, kidogo, na mumewe akajikaza asiinuke, mikono ameibana katikati ya magoti. Sahani ilipobaki na mchuzi tu, alinyosha kidole kwenye sufuria. Ecodu alichungulia. Mle ndani mlikuwa na kichwa cha ngege, alichokitia kwa ajili ya ladha.

"Hicho ni mifupa mitupu."

Kidole hakikushuka.

Ecodu alikitoa kichwa akakiweka kwenye sahani yake. Alikigeuza huku na huku, kisha akakumbuka kwamba kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kula kichwa cha samaki, siku zote kilikuwa cha mkewe, na hakujua kilichokuwamo. Akapenyeza ukucha chini ya jicho. Kipande kidogo cha nyama ya shavuni kikatoka chenyewe, cha mviringo, laini kama kiini cha yai. Akakibonyeza kote. Akakaribia kukipeleka kwenye mwanga.

Akakiweka kiganjani mwa Ajambo.

Naye akakitia mdomoni papo hapo, akafumba macho, akaanza kutafuna. Ecodu akainama karibu naye, sikio limeelekea kooni mwake, akasubiri kumsikia akimeza.