Miaka Aliyoongezewa Naisiae

Kazi ya Hafsa ilikuwa kupiga simu kutwa nzima, na yeye mwenyewe hakuwa na wa kumpigia. Mumewe alimpa talaka akaoa mwingine huko Ngombezi, mtoto hakujaliwa, na chumba chake cha Masuguru kilikuwa kimya hadi kikamchosha. Ndiyo maana aliipenda ile orodha. Kila Jumatatu kompyuta ya hospitali ilipekua kumbukumbu za wagonjwa wa Korogwe na Handeni, ikatoa majina ya wanawake wa miaka thelathini hadi hamsini ambao hawajapimwa saratani ya mlango wa kizazi. Hafsa akawaita mmoja mmoja. Walimuuliza habari za nyumbani, naye akajibu nzuri. Uongo huo haukumdhuru mtu.

Jumatatu moja alimpata Taiyo, binti wa wafugaji wa tambarare za Handeni, aliyetimiza thelathini mwezi huo.

“Nitakuja,” Taiyo alisema. “Lakini mbona mama hamjamwita? Mwaka jana mliwaita wake wenzake wote wawili. Yeye hamkumwita, akasema mashine imemwona mzima.”

“Mama yako nani?”

“Naisiae. Anatoka damu tangu mvua za vuli. Tukimwambia aende hospitali, anasema kama ni ugonjwa wangemwita.”

Hafsa alilitafuta jina. Naisiae, kuzaliwa 1965. Mwaka huo aliuandika yeye mwenyewe.

Miaka mitatu nyuma alitumwa kule kuwaingiza watu kwenye kompyuta. Wengi hawakuwa na cheti wala tarehe. Hafsa alilelewa kwa Wazigua, akafunzwa kwamba mwenye mjukuu mgongoni ni bibi, na kumpunguzia bibi umri ni kumvunjia heshima. Basi kila aliyemkuta na mjukuu alimwamkia shikamoo, akamwandikia 1965, akaenda kwa mwingine. Naisiae alicheka, akamwambia kwamba mzaliwa wake wa kwanza, Taiyo, alimzaa na miaka kumi na sita. Hafsa akadhani ni utani wa bibi. Kumi na sita juu ya ishirini na saba aliyokuwa nayo Taiyo wakati huo, hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeiweza, yeye hakujisumbua kuifanya. Heshima gani hiyo isiyosikiliza?

“Taiyo, mlete mama kesho kutwa. Usikubali akatae.”

Kisha aliiambia mashine imtolee wanawake wote aliowaandikia mwaka huo wa 1965. Walikuwa mia moja thelathini na wanane. Akaanza kuwapigia saa ileile.

Jumatano Naisiae alikuja na bintiye. Muuguzi Agripina alimpima, akamweleza taratibu, akamwandikia rufaa ya hospitali kubwa. Baadaye alimnong’oneza Hafsa koridoni: “Kidonda kimekua. Mwaka jana pengine tungemtibu hapahapa, akarudi kwake jioni.”

Hafsa angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuuliza kitu, na Agripina alishaita mwingine. Lakini alipomwona Naisiae amekaa kwenye benchi, karatasi ya rufaa mapajani, miguu ikamfikisha pale.

“Mama, si mashine iliyokuacha,” alisema. “Ni mimi. Nilikuandika mzee kuliko ulivyo, na wazee haiwaiti.”

Naisiae alimtazama. “Wewe una miaka mingapi?”

“Arobaini na saba.”

“Mkubwa wangu kwa mwaka mmoja.”

 Hafsa alitamani atukanwe, apigwe hata. Hicho angejua namna ya kukipokea.

Naisiae aliikunja karatasi mara mbili, bila haraka.

“Kwangu pale wanangu wameolewa, mzee hakumbuki hata jina langu,” alisema. “Nikiona damu nilijiambia, tulia, Naisiae. Yuko mtu huko Korogwe anayekuangalia. Mwaka mzima nililala nikijua hivyo.”

 Taiyo alikuja, akamshika mama yake mkono, wakatoka kwenda kutafuta gari.