Tundu la Jikoni

Mthamini aliikagua nyumba ya Bibi Mshonaji akigonga kuta kama daktari. Paa zima, maji yapo, barabara iko mlangoni, akaridhika. Jikoni akakunja uso. Ukutani palikuwa na tundu la kupitishia bakuli kwa jirani.

“Hili linashusha bei, mama. Lizibe kabla ya kuuza.”

Bibi hapendi mambo nusunusu. Akamwita fundi mwashi siku hiyohiyo. Fundi akiwa bado anakoroga saruji, mkono wa jirani ukachomoza tunduni na vikombe viwili vya chai.

“Shoga, nimesikia una mgeni. Kimoja chake.”

Bibi akaonja. “Sukari imezidi tena!” akafoka tunduni, huku akitabasamu. Kisha akamgeukia fundi.

“Hiyo saruji kazibie ufa wa bafuni. Nyumba siuzi.”