Spika Juu ya Kabati la Vyombo

Nakutegea hiki, na usiende kumuuliza jirani: mgeni wangu haonekani, hodi hapigi, kiti hataki, ila akishaingia, vikombe kabatini ndivyo vinavyomwamkia. Ni nani? Hujui? Basi nipe mji. Na huo mji wako baki nao tu, nina kazi gani nao. Kaa nikueleze, maana jibu lake ndilo lililonirudishia mume wangu akicheka.

Mume wangu ni seremala. Lakini kabla ya randa na msumeno alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ya watu wanne. Mpiga ngoma alitangulia mbele ya haki, mpiga solo akamfuata. Wakabaki wawili: mzee wangu na mwimbaji wao, ambaye tangu ujana tunamwita Kasuku, kwa sababu neno likimkaa mdomoni atalirudia mpaka ulijibu.

Mwaka jana Kasuku aliipata kanda yao, ile moja tu waliyowahi kurekodi. Akaipeleka kwa fundi, wimbo ukatolewa kwenye kanda ukatiwa kwenye kompyuta, akautuma kwa mkwe wangu. Mke wa mwanangu huyo. Tunaishi nao, na kompyuta yake iko sebuleni kwangu, maana kazi yake ni kuhariri video za harusi. Siku ya kusikiliza mzee alivaa shati lake la sherehe. Kusikiliza wimbo, jamani, shati la sherehe!

Ukapigwa. Sauti ya Kasuku hiyo, laini kama zamani. Solo linalia. Ngoma inadonadona kama kuku bakulini. Mzee akainama, akasogeza sikio mpaka likagusa kompyuta.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Tukaurudia. Besi hakuna. Mara ya tatu mzee akainuka, akaenda kulivua shati lile, akalikunja vizuri kabisa. Hapo nikajua ameumia. Mzee wangu akikasirika hutupa vitu, akiumia hukunja.

Kabla hata chai haijapoa Kasuku akapiga simu. Sauti yake ilijaa chumba: "Bwana Besi! Tumetokaje?"

Mzee aliitazama simu, akaikata.

"Amenifuta," aliniambia. "Ujana wote nimembeba mgongoni kwa besi yangu, leo amenifuta ili aimbe peke yake."

"Muulize kwanza, baba watoto."

"Mwizi haulizwi kama ameiba."

Miezi minane. Kasuku alipiga na kupiga, swali lake lilelile, tumetokaje, mpaka naye akachoka. Mimi nilinyamaza, lakini nilikuwa nahesabu: mzee ameacha kupiga mluzi akipiga randa. Ameacha kuuliza nani kafunga ndoa, nani kafariki. Hata chai anaikoroga kimyakimya. Ukiniondoa mimi, mtu mmoja tu amebaki duniani anayemkumbuka akiwa na nywele, na huyo ndiye asiyetaka kumsikia. Watazikana wakiwa hawasemezani? Nilimwomba Mungu anipe njia. Nikadhani labda atamleta shehe au padri. Akaleta bwana harusi mwenye kelele.

Huyo bwana harusi alirudisha video yake kwa mkwe wangu akifoka: "Dada, umeniharibia! Kwenye televisheni ya nyumbani ngoma zinavuma mpaka meno yanacheza! Mama mkwe wangu katoka sebuleni ameshika kifua!"

Mkwe wangu akashangaa. Yeye hakusikia mvumo wowote alipokuwa akiihariri. Akauliza wenzake wa kazi hiyo, na kesho yake akarudi na spika ya besi, sanduku jeusi zito kama ndoo ya maji. Vijana wanaliita sabufa.

"Hii haitumii waya, Mama," akanionyesha.

"Haitumii waya, na huu mkia je?"

"Huo wa umeme tu. Muziki wenyewe unapita hewani kutoka kwenye kompyuta."

"Basi sema ina waya mmoja. Usinidanganye mtu mzima."

Akacheka, akaingia jikoni. Nami nikaifuta vumbi ile spika, nikaipandisha kwa nguvu zangu zote juu ya kabati la vyombo, juu ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Kitu kizuri hakikai sakafuni nyumbani kwangu. Mkwe aliporudi akaitazama kule juu, akanitazama mimi, akaona haya kuniambia neno. Alivyolelewa yule! Akaiwasha hukohuko, akaiunganisha na kompyuta, akapiga ile harusi.

"Loo! Mama, kumbe siku zote nilikuwa nasikia nusu. Hivi vispika vya kompyuta ni kama viberiti, sauti za chini hazina pa kutokea."

Nilikuwa nakunja nguo. "Sauti za chini ndizo zipi?"

"Besi, Mama."

Nguo ikaniponyoka mkononi. Mimi shule yangu iliishia msingi, lakini hesabu hiyo sikuhitaji kalamu. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Na sisi tulikuwa gizani miezi minane mchana kweupe.

"Mwanangu, nitafutie wimbo wa Kasuku."

"Baba yuko uani, Mama. Akisikia?"

"Ndicho ninachotaka."

Wimbo ukaanza, na mgeni akaingia. Vikombe vyangu vikatetemeka kabatini, visahani vikagongana, vijiko vikaitikia. Umeshamjua sasa? Ndiye huyo, besi.

Mzee akaja mbio, randa mkononi, unga wa mbao kwenye nyusi. "Nimesema wimbo huo humu nda..."

Akakoma. Akageukia kabati.

"Nani anapiga hiyo?"

"Nani mwingine?" nikasema.

Mkwe hapo akapata ujasiri. "Baba, nisaidie tuiteremshe. Mahali pake ni sakafuni, pale pembeni ukutani, vikombe vinatusumbua."

Wakaiteremsha wawili, kitambaa changu kikaja nayo. Mzee akavua viatu, akasimama peku. Alifumba macho. Nikaona kidole gumba chake kikianza kucheza, kisha vidole vyote.

Lakini moyo wa mtu mgumu. "Wapiga besi ni wengi," akanong'ona. "Huenda wamemweka mwingine."

Tukangoja. Ubeti wa tatu ulipofika mwisho, besi ikaingia kwenye kiitikio peke yake, kabla ya wenzake, kama mtu aliyepiga makofi kabla hotuba haijaisha.

"Hapo!" Mzee aliruka. "Hapo niliwahi! Ni mimi! Hakuna mwingine mwenye kosa lile!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia mkwe jambo nililolijua mimi peke yangu. Siku ile ya kurekodi niliingia studio na mwanetu mchanga mgongoni, mzee akamwona kupitia kioo, mkono ukamruka. Mtoto huyo ndiye mumewe leo.

Mkwe wangu alilia. Nilimshika mikono yote miwili nikasema ahsante, nikaona neno dogo, nikalisema tena. Mzee naye akamwita "mama yangu", jina ambalo hajawahi kumpa mtu hai.

Kisha akaniomba simu. Ililia kwa muda mrefu.

"Haloo?" Sauti ya Kasuku ilikuwa imezeeka. "Nani?"

"Mimi."

Niliogopa atakata, na angekuwa na haki. Lakini Kasuku ni Kasuku.

"Tumetokaje?" akauliza.

Mzee akafuta nyusi zake, unga wa mbao ukamwagika magotini.

"Wote wanne, ndugu yangu. Tumetoka wote wanne, na kosa langu nalo limetoka."